UZI: Kwa nini miwani ya VR inakuchafua roho, na namna ya kutembea ndani ya gemu bila kutapika

Msana wa Langoni:

Assalaam aleikum wadau.

Miwani ya VR, ile inayofunika macho na kukuingiza ndani ya ulimwengu wa picha, inajadiliwa sana humu siku hizi. Bei yake, gemu zake, Quest 2 au Quest 3 za kampuni ya Meta. Lakini lile linalowafanya watu wengi waivae mara moja, waivue na wasiirudie tena, naona linapitwa juu juu. Nasema kuchafukwa na roho. Mimi naendesha chumba kidogo cha gemu hapa Lamu, mtaa wa Langoni, na mteja mpya hagusi rimoti kabla hatujakaa tukalizungumza hili. Naliweka hapa lote. Ni refu, nawaomba subira.

Kwanza kabisa, anayechafukwa na roho ndani ya VR hana udhaifu wowote. Mara nyingi amepewa njia ya kutembea isiyomfaa. Ukimbadilishia njia hiyo, mtu yuleyule aliyetoka jasho jembamba jana anacheza leo huku anacheka. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya gemu gani kali ni hili: ndani ya gemu hiyo unatembea vipi?

Tuanze na sikio. Ndani kabisa, nyuma ya ngoma, mna vijifereji vitatu vya nusu duara vilivyojaa majimaji, na jirani yake mna viungo viwili vyenye vijiwe vidogo mno vya chokaa. Vijifereji vinapima kichwa kinapogeuka. Vijiwe vinapima mwendo wa kwenda mbele, nyuma, juu na chini, pamoja na mvuto wa ardhi. Ubongo unachukua habari hizo na kuzilinganisha na za macho, za shingo na za miguu. Zikipatana, mtu hana habari kama kuna kazi inafanyika. Zikipingana, mate yanajaa mdomoni, uso unapauka, jasho la baridi linatoka, miayo inaanza, halafu tumbo linapanda.

Sasa shika kijiti cha rimoti ukisukume mbele. Macho yanauambia ubongo kwamba unatembea, tena unakimbia. Sikio linasema umesimama palepale kwenye sakafu ya Langoni. Huo ndio ugomvi wenyewe.

Kwamba sikio la ndani ndilo kiini cha mambo haya watu wamelijua zamani. Mwaka 1882 William James, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kuhusu viziwi aliowachunguza, akakuta zaidi ya theluthi yao hata wakizungushwa hawapati kizunguzungu. Mtu ambaye viungo hivyo vya sikio havifanyi kazi kabisa, bahari haimlevyi. Lakini kwa nini ugomvi wa macho na sikio uishie tumboni? Mwaka 1977 Michel Treisman alitoa rai kwamba ubongo ukiona habari zimevurugika hivyo unadhani mtu amekula sumu, basi unaamuru aitapike. Mwaka 1991 Riccio na Stoffregen wakaja na rai nyingine: mwili unaugua pale unaposhindwa kujishikiza wima katika hali usiyoizoea. Wataalamu bado wanavutana. Mimi kazini hiyo rai ya pili inanifaa sana, maana mgeni nikimpa kiti, au nikamwambia aguse ukuta kwa kidole kimoja, namwona anatulia.

Lipo jambo moja kuhusu sikio ambalo ukilishika, mengine yote ya uzi huu yanakuwa mepesi. Sikio halisikii kasi. Linasikia kasi inapobadilika. Ndege ikishatulia angani unaweza kulala, ila ilipokuwa inaondoka pale uwanja wa Manda mgongo ulibanwa kwenye kiti. Kwa hiyo gemu inayokuanzisha polepole, ikaongeza, ikapunguza, ikaongeza tena, inakuumiza kuliko ile inayokuanzisha moja kwa moja kwa kasi moja na kukusimamisha papo hapo. Mtengenezaji anayeongeza kasi kidogo kidogo kwa nia ya kukuonea huruma, anakurefushia ugomvi.

Na kibaya kuliko kwenda mbele ni kuzungushwa. Ulimwengu ukizunguka polepole mbele yako kwa kusukuma kijiti, hali wewe umesimama tuli, wengi wanaangukia hapo. Ndiyo sababu gemu nyingi zina kugeuka kwa mkato: ukisukuma kijiti, picha inaruka nyuzi 30 au 45 kwa mara moja. Macho hayaoni mzunguko wowote, yanaona picha mpya tu. Bora zaidi ya hapo ni kugeuka kwa mwili wako mwenyewe, ama kukaa kwenye kiti kinachozunguka. Mimi kwa mgeni hili ndilo la kwanza kulirekebisha, kabla hata ya kutazama njia ya kutembea.

Sasa njia zenyewe.

Iliyo salama kuliko zote ni kutotembezwa kabisa. Beat Saber, iliyotoka 2018, wewe umesimama na vibao vinakujia, unavikata. Chumba cha ndani ya gemu hakisogei, kwa hiyo sikio na macho hayana la kugombania. Kila mgeni kwangu anaanzia hapo, awe kijana, awe mtu mzima.

Ya pili ni kutembea kwa miguu yako halisi chumbani. Hapa sikio linapata haki yake yote. Tatizo ni nafasi. Quest inapendekeza kama mita mbili kwa mbili zilizo wazi, na nyumba zetu za mawe mnazijua: chumba ni kirefu lakini chembamba, kwa kuwa upana wake unafuata urefu wa boriti ya mkoko, mita mbili na nusu hivi au kuzidi kidogo. Msana, kile chumba kirefu kinachotazama ua, unatosha, ila kwa shida. Ondoeni meza, ondoeni vyombo vya kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, vinavyofikiwa na mkono, na mpaka wa kwenye miwani uchoreni ndani ya ukuta kwa shubiri mbili. Na msikimbilie darini, juu ya nyumba, kwa kuwa kuna nafasi. Jua likiingia kwenye lenzi linakusanywa na kuunguza kioo cha ndani, na kamera za miwani hazifuati mikono vizuri kwenye mwanga mkali. Darini ni baada ya jua kuzama, na taa iwashwe.

Wapo watafiti waliojaribu kuudanganya mwili utembee mbali ndani ya chumba kidogo. Razzaque na wenzake, 2001, waliizungusha picha kidogo kidogo bila mtu kujua, yeye akidhani anakwenda moja kwa moja kumbe anapinda. Ni ufundi mzuri ajabu, ila vipimo vya Steinicke na wenzake mwaka 2010 vilionyesha kwamba ili mtu asigundue, duara analotembea linahitaji nusu kipenyo cha mita 22 hivi. Huo ni uwanja wa mpira, si msana.

Ya tatu ni teleporti. Unaelekeza mkono, unaona alama sakafuni, unaachia, uko pale. Hapakuwa na mwendo, kwa hiyo hapana ugomvi. Half-Life: Alyx ya mwaka 2020 ni darasa zuri katika hili, maana inakupa njia nne uchague mwenyewe: kufumba na kufumbua uko kwingine; kuvutwa upesi mpaka pale ulipolenga; kutembea mfululizo kufuata kichwa; na kutembea mfululizo kufuata mkono. Hivyo ndivyo mtengenezaji anavyomheshimu mchezaji.

Ya nne, nayo mimi naipenda kuliko zote, ni mwendo unaotoka mikononi. Katika The Climb ya 2016 unashika mwamba na kujivuta. Katika Lone Echo ya 2017 uko angani pasipo uzito, unashika nguzo, unajisukuma, unaelea. Gorilla Tag watoto wote wa mtaa wanaijua: unapiga ardhi kwa mikono kama nyani. Sikio bado halisikii mwendo ule wote, lakini mkono ndio ulioanzisha, na ubongo ulishajua unakwenda wapi kabla ya macho kuona. Si kinga ya kila mtu, Gorilla Tag ina kuruka kwingi, ila nimewaona wasioweza kijiti hata kidogo wakiiweza hiyo.

Ya mwisho ndiyo mwendo wa mfululizo kwa kijiti, na ndio wengi wanaoutaka. Ukiutumia, washa kile kiza cha pembeni. Kazi yake ni kufunika kingo za picha pale unaposogea na kufunua ukisimama. Pembe za macho ndizo zinazohisi mwendo kwa nguvu, na ukizipunguzia kazi, ugomvi unapungua. Fernandes na Feiner wa Chuo Kikuu cha Columbia walilipima hilo 2016, kiza kikiingia na kutoka taratibu, na watu walistahimili muda mrefu zaidi, wengi wao hata hawakukitambua. Google Earth VR ya mwaka huohuo ina kitu cha namna hiyo, na wageni wangu wakiingia huko wote wanataka kwanza kuiona Lamu kutoka juu. Nenda mbele kwa kasi moja. Kwenda upande upande na kinyumenyume kunaumiza zaidi, na ngazi ndizo mbaya kabisa.

Katika uzoefu wangu hayo yanatatua sehemu kubwa. Ulizeni.

---

Nahodha Kizingitini:

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi bahari ndiyo shamba langu. Nimepita nje ya Pate na kusi limechacha, chombo kinakwenda mrama mpaka abiria wote wamelala chini, mimi nala wali. Sikumbuki kutapika chomboni tangu utotoni. Juzi mpwa wangu akanivika hiyo miwani, gemu ya kutembea msituni kwa kijiti. Punde si punde nashika ukuta. Vijana wakacheka sana. Nambie, bahari yote ile haikunizoesha?

---

Msana wa Langoni:

Ami, hao vijana hawana haki ya kucheka. Bahari ilikuzoesha ugomvi mmoja, na miwani imekuletea wa pili ambao ni kinyume chake. Abiria aliyelala ndani ya chombo, sikio lake linasikia mrama na macho yake yanaona ubao uliotulia. Ndani ya miwani macho ndiyo yanakimbia, na sikio limetulia. Mwili wako huu wa pili haujakutana nao.

Tena kuna jambo ambalo huenda likakufariji. Jeshi la wanamaji la Marekani lilipoanza kufundishia marubani kwa simuleta ya helikopta, mashine inayoigiza kuruka hali iko chini, ripoti za kuanzia 1957 zilionyesha kwamba walimu, watu wenye saa nyingi angani, waliugua zaidi kuliko wanafunzi wao. Rubani mzoefu akiona helikopta inainama, mwili wake unasubiri kuhisi kule kuinama. Kusipokuja, anaumwa. Mwanafunzi hana anachokisubiri. Wewe nawe, macho yakiona ardhi inasogea, mwili wako unajua barabara ni kitu gani kinapaswa kufuata.

Na yule anayeshika usukani kwenu ana sababu nyingine ya kutougua. Analiona wimbi kabla halijafika, na mkono wake ndio unaokigeuza chombo. Ndivyo ilivyo na kwenye gemu: anayeshika rimoti anaugua kidogo kuliko anayetazama. Kwa hiyo usikubali kamwe kuvikwa miwani ukatazamishwa video ya mtu mwingine anakimbia, wala kigari cha reli kinachopanda na kuporomoka. Kuna duka moja katika jumba la biashara lilikuwa linamvika kila mgeni kigari hicho kama onja ya kwanza ya VR, na linarekodi anavyoyumba. Inaniuma mpaka leo. Watu wale wameondoka wakiamini VR si yao, na hakuna aliyewaambia kwamba walichoonjeshwa ndicho kigumu kuliko vyote.

Njoo Langoni ami, nikuanzishe kwa kukata vibao.

---

Chuma Malindi:

Mkuu umeandika vizuri ila nakupinga kwenye teleporti. Mimi niko Malindi, nacheza kwa kompyuta na miwani yangu mwenyewe. Teleporti inaivunja gemu. Ukiruka ruka mara tano hujui tena mlango ulioingilia uko wapi. Adui anakuja, wewe unalenga sakafu. Na hofu yote inaisha, maana unaweza kupotea mbele yake. Mimi nilianza naumwa kwa kijiti, sasa nacheza usiku kucha. Mwili unazoea. Kwa nini tuwafundishe watu kukimbia badala ya kuzoea?

---

Msana wa Langoni:

Ndugu yangu Chuma, kuhusu kupotea kwa dira uko sawa kabisa. Tafiti zimeliona hilo, mtu wa teleporti anashindwa kukumbuka mahali alipotoka, kwa sababu hakuipita njia. Ndiyo maana ile ya kuvutwa upesi mpaka ulipolenga inafaa zaidi: unaiona njia, ila kwa mda mfupi mno kuumwa.

Na mwili unazoea, kweli. Lakini namna ya kuzoea ndiyo inayowaharibu watu. Wengi wameambiwa waumwe wavumilie mpaka ipite. Haipiti. Ukiendelea kucheza huku unaumwa, unaufundisha mwili kwamba miwani ni maradhi, na wapo ambao sasa hata harufu ya sponji ya miwani inawachafua roho kabla hawajaivaa. Tafadhali tuelezee wewe ulizoea vipi.

---

Chuma Malindi:

Nilikuwa nacheza kidogo, dakika chache. Mara tu nikihisi joto usoni au miayo, navua. Sirudi siku ileile. Kesho yake tena. Kiza cha pembeni nilikiweka kikubwa, nikawa nakipunguza kila wiki. Kugeuka nilikuwa nageuka kwa mwili, kijiti cha kugeukia sikukigusa mpaka mwisho. Na feni naiweka mbele yangu.

---

Msana wa Langoni:

Wadau someni hayo mara mbili. Hakuvumilia hata kidogo. Alivua kwenye dalili ya kwanza, akapumzika mpaka kesho, akarudi. Kuzoea kunajengeka siku kwa siku, wala si kwa kukaa muda mrefu siku moja. Na feni ina kazi mbili: inakupoza, na upepo wake unakwambia mbele ya chumba ni wapi.

Tofauti yetu ni kwamba wewe una miwani nyumbani na muda wote ni wako. Mteja wangu analipia nusu saa. Sina haki ya kumtoza pesa ili aanze mazoezi ya kuumwa.

---

Bint Shela:

Shukran kaka. Sisi kwetu tatizo linaanza kabla ya mwendo wowote. Mimi na dada zangu tukivaa Quest 2 ya kaka yetu tunaona ukungu, na kichwa kinauma hata tukikaa tu kwenye menyu. Yeye akivaa yuko sawa. Anasema wanawake ndio wanaoumwa na VR, ni maumbile.

---

Msana wa Langoni:

Dadangu, mwambie kaka yenu atazame lenzi. Umbali kati ya mboni na mboni hutofautiana baina ya mtu na mtu, wastani kwa watu wazima ni kama milimita 63, na wanawake wengi wako chini ya hapo. Quest 2 ina nafasi tatu tu za lenzi: milimita 58, 63 na 68. Unazishika lenzi zenyewe kwa vidole na kuzisogeza mpaka zilie "tak", namba 1, 2 au 3 inaonekana katikati. Bila shaka kaka yenu ameiacha kwenye 2 au 3. Jaribuni 1. Quest 3 ina gurudumu dogo chini, unasogeza utakavyo.

Kupima: simama mbele ya kioo, rula kwenye paji la uso, fumba jicho la kulia uweke sifuri sawa na mboni ya kushoto, kisha bila kusogeza kichwa fumba la kushoto usome penye mboni ya kulia.

Na hilo la maumbile, mwaka 2020 Kay Stanney na wenzake walilichunguza. Wanawake waliumwa zaidi, ndiyo, lakini kikubwa kilichowaponza ni miwani isiyoweza kufikia umbali wa macho yao. Lenzi zikikaa sawa, tofauti ilififia. Vifaa vilipimwa kwa vichwa vya wanaume, kisha wanawake wakaambiwa maumbile yao ndiyo mabaya. Hilo si haki.

Jambo jingine dogo: mtandio wa kitambaa kinachoteleza unafanya mkanda ushuke, na miwani ikishuka kidogo tu picha inakuwa na ukungu. Vaeni wa pamba chini ya mkanda, na mkanda wa nyuma ukae chini ya kisogo, usikae katikati yake.

---

Bint Shela:

Nimesogeza hadi 1. Maandishi yamekuwa makali kama gazeti. Dada mdogo, mwenye kichwa kidogo kuliko sote, bado kidogo, lakini mimi nimecheza vibao na sijaumwa. Allah akulipe.

---

Babu Mkomani:

Mwanangu, wayukuu wangu wakitoka kwenye hiyo miwani hulalamika kitwa na mato, na yule mdogo, ana miaka minane, alikwenda ndiani anapepesuka. Mamake humpa mai ya tangawizi. Je, yafaa? Na mtoto wa umri gani aachiwe?

---

Msana wa Langoni:

Sabalkheri babu. Wa miaka minane asipewe kabisa. Wenye Quest walikuwa wameweka miaka 13, mwaka 2023 wakashusha mpaka 10 kwa idhini ya mzazi. Mimi kwangu chini ya 10 haingii hata mzazi akiniomba, na wa 10 hadi 13 wanacheza muda mfupi, mzazi amekaa hapohapo. Kichwa chao ni kidogo, miwani ni nzito, na umbali wa macho yao lenzi haziufikii. Mtoto mwenye kifafa asivae wala asijaribu, kwa ajili ya mwanga unaomemeteka.

Tangawizi haina ubaya, wapo inaowatuliza tumbo, na matokeo ya tafiti zake hayalingani. Haiondoi chanzo. Ninachoomba asipewe ni vidonge vya safari vya dukani ili aweze kucheza. Vinaleta usingizi, na mtu akihitaji dawa ili acheze gemu, gemu hiyo imwache.

Huko kupepesuka ndiko kunakonishtua. Baada ya VR mwili unaweza kubaki umechanganyikiwa kwa muda, hata kwa asiyehisi kichefuchefu. Marubani wa jeshi wakiumwa kwenye simuleta hawaruhusiwi kurusha ndege mara moja. Kwangu hakuna anayetoka akapanda boda au kushika usukani wa boti kabla hajakaa barazani, akanywa maji, akaweza kusimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa. Wajukuu wako wakicheza mahali pengine, muombe mwenye mahali naye afanye hivyo.

---

Fundi wa Msimbo:

Mimi ni mwanafunzi, natengeneza programu ya kuuzungusha mgeni Mji wa Kale wa Lamu kwa VR. Nimeshachora vichochoro vya Mkomani, unatembea kwa kijiti. Kila rafiki anayejaribu analalamika, wakati fremu hazishuki, ziko 72 kwa sekunde, thabiti. Sielewi.

---

Msana wa Langoni:

Kazi njema hiyo, nimefurahi sana kuiona. Fremu thabiti ni lazima, na picha isichelewe nyuma ya kichwa zaidi ya milisekunde 20 hivi, lakini hapo hujamaliza. Fikiria vichochoro vyetu vilivyo. Kuta mbili, zote karibu na bega. Kitu kilicho karibu na jicho kinapita kwa kasi kubwa machoni hata ukitembea polepole. Kutembea kwenye ufuo mpana wa Shela na kutembea kichochoroni kwa kasi ileile si sawa kabisa: ufukweni picha imetulia, kichochoroni kuta zinakukimbilia pande zote mbili. Kisha uongeze kona za ghafla na ngazi.

Ningekuwa wewe ningeondoa kijiti. Mweke mgeni penye njia panda na barazani, pale ambapo hata sisi tunasimama. Ateleporti kutoka baraza hadi baraza, na akifika ageuze kichwa mwenyewe auone mlango wa nakshi, asogee hatua mbili kwa miguu yake. Ukiona dira inapotea, mvute upesi kwa kasi moja, na mnara wa msikiti uuache uonekane juu ya mapaa. Na kasi ya mwendo isizidi ya mtu anayetembea. Watengenezaji wengi wanaweka ya mtu anayekimbia bila kujua.

Kimo pia. Mtu aliyekaa kwenye kiti huku gemu inamwonyesha kimo cha aliyesimama, sakafu inamwelea. Mpe kitufe cha kupima upya akikaa.

---

Fundi wa Msimbo:

Baraza kwa baraza, nimelipenda sana. Nilitaka pia kuweka video ya nyuzi 360 ya boti kutoka Mokowe, kule bara. Je?

---

Msana wa Langoni:

Hapo uwe na hadhari. Ukiifunga kamera kwenye boti, mawimbi yakija upeo wa bahari ndio unaoyumba mbele ya macho ya mgeni aliyekaa kwenye kiti kilichotulia. Ni kigari cha reli kwa jina jingine. Programu za kuhariri video za 360 zinaweza kuunyoosha upeo ubaki umelala, ukaachia boti ndiyo icheze chini yake. Fanya hivyo. Rekodi asubuhi maji yametulia, kamera iwe katikati ya boti wala si omoni, kule mbele, na omo yenyewe ionekane, ili macho yawe na kitu cha kushikilia. Usikate wala usiigeuze picha wewe. Mgeni ageuke mwenyewe. Fupi itatosha, boti ikikaribia gatini ndiyo sehemu nzuri.

Ukimaliza toleo la kwanza lilete Langoni baada ya Alasiri. Usijipime wewe, wala rafiki zako walioshajaribu mara kadhaa, nyinyi mmeshazoea na hamtaona kasoro. Mama wauza samosa wa hapa nje hawajawahi kuvaa miwani, na wameniambia wako tayari. Nahodha naye akija siku hiyo tumvike.

---

Nahodha Kizingitini:

Nitakuja na boti ya Jumamosi inshallah. Nivike ile ya Mokowe, nitakwambia kama upeo umelala sawa.